Upepo Hubaki Pwani, Maji Hupanda Bara

Watu wengi hapa kambini wanaamini kwamba kimbunga ni shida ya watu wa baharini. Sisi wengi tumetoka milimani na kandokando ya ziwa, tumekuja kukaa Dowa, mbali kabisa na bahari. Kwa hiyo redio ikisema kimbunga kimepiga Msumbiji, tunawaonea huruma watu wa huko, tunasema "poleni," halafu tunaendelea kusonga ugali.

Historia inasema kitu kingine. Tangu watu walipoanza kuandika habari za vimbunga upande huu wa dunia, kimbunga kimekuwa na maisha mawili. Maisha ya kwanza ni ya upepo, nayo ni ya bahari na pwani. Maisha ya pili ni ya maji, nayo ni ya bara. Na katika nchi hii inayotuhifadhi, Malawi, ambayo haina hata mita moja ya pwani, hayo maisha ya pili ndiyo yaliyoua watu kwa mamia.

Mimi nafanya kazi na vijana hapa Dzaleka. Sikusomea hali ya hewa. Nimemaliza sekondari, basi. Lakini kila mwaka mvua zikikaribia, vijana wananiuliza maswali yale yale: "Dada, kimbunga kinatoka wapi? Kwa nini kinapewa jina la mtu? Kinaweza kufika hapa?" Nimesoma nilivyoweza na nimeuliza wazee, wa kwetu na wa hapa. Nayaandika majibu ili na wewe ndugu msomaji uyatumie, hata kama wewe ni mfanyakazi wa shirika na umekuja juzi tu.

Tuanze jikoni

Kila mama anajua kwamba mvuke wa sufuria unaunguza mkono vibaya kuliko maji ya moto yenyewe. Sababu yake ni hii: maji yakigeuka mvuke yanabeba joto ndani yake. Mvuke ukigusa kitu kilichopoa unarudi kuwa tone la maji, na lile joto lote unaliachia hapo hapo. Hapo kwenye mkono wako.

Kimbunga kinaishi kwa joto hilo hilo. Maji ya bahari yakifika nyuzi 26 au 27 kwenda juu, na joto likawa halipo juujuu tu bali limeshuka makumi ya mita chini, maji mengi sana yanapanda kama mvuke. Kule juu kuna baridi. Mvuke unageuka mawingu na mvua, na joto lake linaachiwa angani. Hewa ya kule ikipata joto inakuwa nyepesi, inazidi kupanda. Chini inabaki kama nafasi, na hewa ya pembeni inakimbia kuijaza. Hewa hiyo nayo imepita juu ya maji ya moto, imekuja na mvuke wake. Kwa hiyo moto unaletewa kuni na upepo, na upepo unaletwa na moto. Bahari ikiendelea kuwa na joto, na upepo wa juu usipokuja kuivuruga dhoruba, inakua.

Sasa kwa nini inazunguka? Kwa sababu dunia yenyewe inazunguka, hewa inayokimbia mbali haiendi moja kwa moja, inapinda. Huku kwetu kusini mwa ikweta inapindia kushoto, na dhoruba nzima inazunguka kama mishale ya saa. Kaskazini, kwa mfano Marekani na Japani, inazunguka kinyume. Kwenye ikweta yenyewe hiyo nguvu ya kupinda haipo, na karibu na ikweta ni dhaifu mno. Ndiyo maana Mombasa hawajazoea vimbunga, wakati watu wa Madagascar na Msumbiji wanavihesabu karibu kila mwaka, hasa kati ya Novemba na Aprili.

Katikati ya kimbunga kilichokomaa kuna jicho. Ndani ya jicho kunakuwa kimya, saa nyingine hata jua linaonekana. Kulizunguka jicho kuna ukuta wa mawingu, na hapo ndipo upepo unakuwa mkali kuliko sehemu zote. Mtu akipitiwa na jicho anapigwa mara mbili: upepo wa kwanza, halafu kimya, halafu upepo tena kutoka upande wa pili. Watu wa pwani wanaojua wanakaa ndani wakati wa kile kimya.

Kuhusu majina: dhoruba zinapewa majina ili wasikilizaji wa redio wasichanganye moja na nyingine. Orodha inatayarishwa kabla ya msimu, na nchi za kanda yetu zinapendekeza majina. Hakuna mtu anayeitwa Idai aliyefanya dhambi.

Neno lililotokana na nyoka

Wamarekani wanasema hurikeni, Wajapani na Wafilipino wanasema taifuni, Bahari ya Hindi inaitwa saikloni. Waswahili wanasema kimbunga, na wazee wa pwani wanasema pia tufani. Ni mnyama mmoja.

Neno saikloni lina mwenyewe. Alikuwa Mwingereza aliyeitwa Henry Piddington, nahodha wa zamani aliyekaa Calcutta, India. Alikusanya vitabu vya safari vya mabaharia walionusurika, akalinganisha upepo ulivyovuma kwa kila meli, akaona kwamba dhoruba hizi ni duara. Miaka ya 1840 akatunga jina kutoka Kigiriki, kwa maana ya kujizungusha kama nyoka aliyejikunja.

Huyo Piddington nampenda kwa jambo lingine. Mwaka 1853 serikali ya Waingereza ilitaka kujenga bandari mpya kwenye mto Matla, karibu na Calcutta. Yeye akamwandikia mkuu wa serikali barua kuonya kwamba siku moja kimbunga kitasukuma maji ya bahari juu ya mahali hapo. Hakusema sana juu ya upepo. Alisema maji. Wakajenga hata hivyo, wakaiita Port Canning. Mwaka 1867 kimbunga kikaja, maji yakaingia, bandari ikaharibika na ikaachwa. Piddington alikuwa ameshafariki. Ukienda kumwonya mtu juu ya kimbunga, mwambie maji yatapita wapi. Hilo ni somo la miaka mingi, na bado halijaisha.

Unguja, 15 Aprili 1872

Unguja iko karibu na ikweta, nyuzi sita tu kusini. Watu wake hawakuwa na mazoea ya kimbunga. Lakini 15 Aprili 1872 kimbunga kikaja. Majahazi na meli zilizokuwa bandarini zilizama au zilitupwa ufukweni, pamoja na zile za Sultani Barghash bin Said, aliyekuwa hajamaliza hata miaka miwili ya utawala. Mashambani ilikuwa mbaya zaidi. Inahesabiwa kwamba theluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya Unguja iling'olewa au ilivunjika. Kisiwa cha Pemba kiliponea. Karafuu ikahamia kule, na mpaka leo karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba. Siku moja ya upepo ilihamisha uchumi wa kisiwa kizima.

Hapa nataka usimame kidogo, ndugu msomaji. Hiyo mikarafuu ilikuwa inachumwa na nani? Na watumwa. Wengi walitoka bara: Wanyasa na Wayao kutoka kandokando ya ziwa hili la Malawi, na Wamanyema kutoka Kongo. Yaani ni watu wa hapa na watu wa kwetu. Walikuwa wametembezwa kwa miguu mamia ya kilomita mpaka baharini, halafu kimbunga kikawakuta kule. Na miti ilipoanguka, wao ndio waliotakiwa kupanda mipya.

Januari 1873 mjumbe wa Uingereza, Bartle Frere, alifika Unguja na mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa ya baharini. Barghash alikataa kwanza, na moja ya sababu alizotoa ni kwamba kimbunga kilikuwa kimemfilisi yeye na raia wake. Waingereza wakamtishia kufunga njia za bahari, akatia sahihi 5 Juni 1873, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Kwa hiyo kimbunga kikaingia mpaka kwenye meza ya mkataba. Aliyepoteza mashua na miti alisikilizwa hasara yake. Aliyepanda miti upya hakuulizwa.

Na bara? Masika ya mwaka ule ule, mwandishi wa magazeti Henry Stanley alikuwa njiani kurudi pwani baada ya kuachana na Livingstone karibu na Tabora. Alipofika Simbamwenni, mji uliokuwa na ukuta wa mawe pale Morogoro ya leo, alikuta mto umefurika, umebomoa ukuta na umechukua nyumba. Alifika Bagamoyo mwanzoni mwa Mei. Vitabu vingi vikisimulia mwaka 1872 vinataja meli na karafuu. Mji wa bara uliobebwa na maji unatajwa kwa mistari michache, kama jambo la njiani.

Napolo

Watu wa kusini mwa Malawi wana neno lao, nalo ni la zamani kuliko redio. Wanasema Napolo. Mama mmoja wa Zomba, anayeuza mahindi hapa sokoni, ndiye aliyenieleza mara ya kwanza. Nilimwuliza kama kwao wanajua vimbunga. Akaniambia, "Mwanangu, upepo sisi hatuuogopi. Tunamwogopa Napolo." Napolo, wanavyosimulia, ni nyoka mkubwa anayekaa chini ya mlima. Siku akihama, mlima unapasuka, anashuka na mawe, miti na matope, na njia aliyopita inabaki imefunguka kama mfereji.

Vijana wangu walicheka niliposimulia. Lakini hebu wazia unachokiona mlima ukilowa kupita kiasi. Udongo wa juu unakaa juu ya mwamba. Mvua ikiingia siku mbili, tatu bila kusimama, maji yanajaa katikati ya udongo na mwamba, udongo unakuwa mzito na unapoteza mshiko. Unateleza wote pamoja. Ukiingia kwenye korongo unashuka na mawe makubwa kama nyumba, kwa mngurumo ambao watu wanausikia kabla hawajaona kitu. Aliyenusurika usiku wa namna hiyo atakuambia ameona nyoka, na hajakudanganya. Piddington naye kule India alichagua nyoka.

Napolo anakumbukwa kwa tarehe. Desemba 1946 alishuka Zomba, wakati huo ukiwa makao makuu ya serikali ya kikoloni, na watu wakafa. Machi 1991 alishuka Phalombe, chini ya mlima Mulanje, na mamia ya watu wakafa kwa usiku mmoja. Mlima Mulanje una urefu wa mita 3,002, umesimama peke yake juu ya tambarare, mbele kabisa ya hewa inayotoka bahari ya Msumbiji. Mlima kama huo ni kifuniko cha sufuria. Hewa yenye mvuke ikiugonga inalazimishwa kupanda, inapoa, inamwaga maji yote pale pale.

Hapo ndipo utaona kosa la kusema "kimbunga kimekufa." Ni kweli kikifika nchi kavu kinakatiwa kuni, kwa sababu hakuna tena bahari ya moto chini yake. Upepo unapungua ndani ya siku moja au mbili. Lakini maji iliyoyabeba bado yako angani, na lazima yashuke mahali.

Freddy

Kimbunga Freddy kilipewa jina 6 Februari 2023, kule karibu na Australia. Kilivuka Bahari ya Hindi yote kutoka mashariki mpaka magharibi, jambo ambalo vimbunga vichache sana vimewahi kufanya. 21 Februari kikapiga Madagascar. 24 Februari kikapiga Msumbiji karibu na Vilankulos. Kingine kingeishia hapo. Freddy alirudi baharini, kwenye mlango wa Msumbiji, akala joto upya, akazungukazunguka, na 11 Machi akapiga Msumbiji mara ya pili, karibu na Quelimane. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limethibitisha kwamba aliishi siku 36, na hakuna kimbunga kingine kilichopimwa ambacho kimeishi hivyo. Safari yake yote ilipita kilomita 12,000.

Kutoka Quelimane akapanda bara. Alipofika kusini mwa Malawi upepo wake haukuwa tena wa kutisha sana. Akakaa. Inasemwa kwamba mvua ya miezi sita ilishuka ndani ya siku sita. Usiku wa kuamkia 13 Machi, kule Blantyre, mlima Soche ulishuka juu ya mtaa wa Chilobwe watu wakiwa wamelala. Ikawa hivyo hivyo Phalombe, Mulanje, Chiradzulu. Waliothibitishwa kufa Malawi walikuwa 679, na wengine 537 hawakupatikana. Zaidi ya nusu milioni walihama nyumba zao. Na yote hayo yalikuja wakati nchi iko katikati ya kipindupindu kibaya kuliko vyote katika historia yake, kilichoua zaidi ya watu 1,700.

Watu wanauliza, je, hawakuonywa? Walionywa. Idara ya hali ya hewa ilitangaza kabla, na shule za wilaya kumi za kusini zilifungwa. Lakini fikiria mtu wa Chilobwe anasikia neno "kimbunga." Anawaza upepo. Anaweka mawe juu ya mabati, anafunga mlango, anaingia ndani na watoto. Kwa upepo, hilo ni jambo la akili. Kwa mlima unaoshuka, ndani ya nyumba ndipo mahali pabaya kuliko pote. Kama tangazo lingesema, "Kilima cha nyuma yako kinaweza kuporomoka usiku huu, hamia shuleni kule kwenye tambarare kabla giza halijaingia," pengine miguu ya watu ingesikia.

Sisi wa kambini tumo

Dzaleka iko wilaya ya Dowa, katikati ya nchi, na Freddy hakutubomolea mlima. Ndiyo sababu wengine wanasema haituhusu. Nawajibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni taa. Januari 2022 kimbunga Ana kilifurisha mto Shire mpaka kikabomoa sehemu ya bwawa la Kapichira. Malawi ikapoteza karibu theluthi moja ya umeme wake, na kituo kile kikakaa kimezimwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kinyozi, mwenye kuchaji simu, mwenye friji ya soda, wote tuliguswa na dhoruba ambayo haikupuliza hata jani la Dowa. Kama ilivyokuwa Unguja 1872, kimbunga kinapita siku moja, lakini kinabaki kwenye mfuko wa watu miaka.

La pili ni kambi za wenzetu. Machi 2019 Idai ilipopiga Beira usiku wa kuamkia tarehe 15, mvua yake iliingia mpaka Zimbabwe, na katika kambi ya Tongogara nyumba za tofali mbichi zikaanguka. Machi 2022 kimbunga Gombe kiliingia Nampula na kikaharibu sehemu kubwa ya nyumba za kambi ya Maratane, ambako kuna Wakongo kama sisi. Nyumba zetu ni zile zile. Tofali mbichi halivunjwi na upepo, linayeyushwa kutoka chini. Maji yakisimama kwenye msingi siku mbili, ukuta unakaa chini kama ng'ombe aliyechoka, na paa linafuata.

Na hata kwetu tulikotoka hatukuwa salama. Aprili 2020 mto Mulongwe uliingia Uvira usiku, ukachukua watu na mitaa. Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, mito ilishuka na mawe na zaidi ya watu 400 wakafa. Hivyo havikuwa vimbunga. Kivu iko mbali na bahari na iko karibu mno na ikweta. Ilikuwa mvua na mteremko. Papa mmoja wa Kalehe aliniambia, "Binti yangu, ile sauti sitaisahau." Niliposimulia habari ya Napolo alitingisha kichwa, akasema kwamba basi hata watu wa hapa wanamjua. Mzee wa Kivu na mama wa Zomba hawana lugha moja, lakini sauti waliyoisikia ni moja.

Tunaloweza kufanya

Pwani ya Tanzania ilipata ukumbusho mwaka 2024. Kimbunga Hidaya kilikaribia mwanzoni mwa Mei, kikafika Mafia tarehe 4. Watu waliambiwa mapema, vyombo vya bahari vikazuiwa. Nguvu yake ilipungua kilipokaribia nchi kavu, na madhara yake hayakufikia yale ya 1872. Kilichobadilika katika miaka 152 ni kwamba sasa satelaiti zinaona dhoruba tangu inapozaliwa, siku nyingi kabla. Kujua siyo tena shida kubwa. Shida ni njia ya habari, kutoka kwa anayejua mpaka kwenye mlango wa mtu, kwa maneno yanayomwambia afanye nini.

Hapa kambini tuko zaidi ya watu 50,000. Tunaongea Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kilingala, Kibembe, Kifulero. Ujumbe wa tahadhari unaokuja kwenye simu yangu ni wa Kichewa au Kiingereza. Kwa ndugu zetu wa mashirika nina ombi moja dogo, halihitaji bajeti kubwa: ujumbe ukija, tupeni sisi vijana nusu saa tuutafsiri, halafu tupeni kipaza sauti. Na msituandikie kilomita za upepo kwa saa. Tuambieni mvua itakuwa siku ngapi, mitaa gani iko bondeni, na jengo gani litakuwa wazi usiku.

Kwetu wenyewe kuna kazi ya mkono. Angalia nyuma ya nyumba yako maji ya mvua yalipita wapi mwaka jana. Yatapita hapo hapo. Chimba mtaro upande wa juu wa nyumba, uyageuze kabla hayajafika ukutani. Inua msingi kwa mawe au tofali zilizochomwa, hata mistari miwili tu. Usitupe taka kwenye mfereji, kwa sababu mfereji ukiziba, maji yanaingia chooni kwanza halafu kisimani, na kipindupindu kinaanzia hapo. Karatasi zako, yaani kitambulisho, vyeti vya shule, kadi ya kliniki, zifunge kwenye plastiki na uziweke juu. Nyumba ikianguka unaijenga tena kwa wiki tatu. Cheti cha Kongo kikilowa, hujui utakipata wapi tena.

Kikundi chetu kimechora ramani ya mitaro ya kambi kwenye karatasi nne kubwa zilizounganishwa. Tumeweka alama nyekundu pale ambapo maji yalisimama msimu uliopita, na wazee wametuonyesha mahali ambapo sisi hatukupajua. Mvua zinaanza Novemba. Jumamosi zote za Oktoba tunachimba, tukianzia alama nyekundu zilizo karibu na vyoo. Mwenye jembe aje na jembe. Mwenye ndoo aje na ndoo.